Mgeni Njoo, Mwenyeji Yuko Wapi?

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeizoea kiasi cha kuitamka mlangoni bila ya kuifikiri, pindi sahani ya ziada inapotandikwa mkekani na watoto wanapofurahia kitoweo ambacho, lau si mgeni, kisingepikwa siku hiyo. Lakini ukiitazama vyema utaona kuwa imesimama juu ya watu wawili. Yuko anayekuja na yuko anayepona. Ukimwondoa mmoja, mwengine hana pa kusimama. Kwa muda sasa nimekuwa nikijiuliza swali ambalo pengine litaonekana la kitoto. Mtu akifika kwenye nyumba, akafungua mlango mwenyewe, akapika, akalala, akaota moto, na siku 7 zikapita bila ya kumwona mwenyeji, mtu huyo ni mgeni wa nani? Na akisha kulipa alichoambiwa alipe, je, amebakiwa na deni lolote?

Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinijia katika bonde moja la milima ya Eryri, kaskazini magharibi ya Wales, mwezi wa Agosti 2023.

Dada yangu anaishi Manchester pamoja na mumewe na watoto wao watatu. Mwaka huo nilikwenda kuwatembelea, na wao walikuwa wamekwisha kodi, kwa wiki moja, kijumba cha mapumziko kando ya mto Glaslyn, juu kidogo ya kijiji cha Beddgelert. (Nasema kijumba, wala sisemi nyumba ndogo, msomaji wa kwetu anajua kwa nini.) Tangazo lake lilisema kuwa ni nyumba inayofaa familia, na kwa haki nikiri kwamba ilifaa. Kulikuwa na kitanda cha mtoto mchanga chenye fito ubavuni, kiti kirefu cha kumlishia, lango dogo la mbao juu ya ngazi ili asiporomoke, kabati lililojaa michezo, na viatu vya mpira vya kila saizi vilivyopangwa ukumbini kungoja mvua. Kuta zilikuwa za mawe, nene kuliko dhiraa moja, mfano wa kuta zetu za Mji Mkongwe, ila zetu hulizuia joto na zao huizuia baridi. Paa liliezekwa kwa mawe meusi bapa, yale yaliyochimbwa katika milima hiyo hiyo na kupelekwa kuezeka miji ya dunia. Baina ya bustani na mto palikuwa na uzio, na juu ya meza palikuwa na karatasi yenye kuonya kwamba watoto wasiachiwe kwenda mtoni peke yao, kwani mvua ikinyesha mlimani maji hupanda ghafla.

Na mvua ilinyesha. Eryri ni miongoni mwa pahala penye mvua nyingi kabisa katika Uingereza yote. Kwenye vilele vyake hunyesha zaidi ya milimita 3000 kwa mwaka. Mto Glaslyn huanza katika ziwa la jina hilo hilo chini ya mlima Yr Wyddfa, wenye urefu wa mita 1085, ukapita maziwa mengine matatu, ukafika Beddgelert, kisha ukajipenyeza katika korongo jembamba hadi baharini Porthmadog. Jina lake maana yake ni ziwa la rangi ya *glas*, na *glas* ya Kiwelisi ni buluu, lakini pia ni rangi ya majani mabichi. Nilikaa dirishani siku ya pili nikiutazama mto huo nikaona kwamba lugha ile haikukosea. Kulikuwa na saa ambazo maji na nyasi havikuwa na mpaka.

Ufunguo tuliukuta ndani ya kisanduku cha chuma kilichopigiliwa ukutani, chenye kufunguliwa kwa namba nne ambazo dada yangu alizipata kwa simu. Hapakuwa na mtu. Neno la kukaribisha lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza kwenye kibao kilichotundikwa juu ya meko. Tulikaribishwa na ubao.

Nitaeleza jambo jengine dogo, ambalo ndilo lililonizuia kulala usiku ule. Kwenye nguzo ya lango palikuwa na jina la nyumba, la Kiingereza, zuri la kuvutia, lenye mnyama wa mtoni ndani yake. Lakini juu ya mlango, katika jiwe la kizingiti, chini ya kuvu la kijivu, nilipapasa herufi zilizochongwa zamani. Zilisomeka *Glan-yr-afon*, yaani ukingo wa mto. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na jina kabla ya hilo la langoni. Ilikuwa imeitwa kwa lugha ya watu walioijenga, kwa neno la wazi lisilotafuta kumvutia mtu: nyumba iko ukingoni mwa mto, basi iitwe Ukingo wa Mto. Mtu aliyekuja baadaye akaona jina hilo haliuziki.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nje na watoto, nawakataza kukanyaga mawe yenye utelezi. Bibi mmoja, mwenye umri wa miaka 80 hivi, alipita njiani na mbwa wake, akasimama. Tulisalimiana. Akauliza ni lugha gani ninayosema na watoto.

"Kiswahili," nikamwambia.

"Lakini wao wanakujibu kwa Kiingereza."

Sikuwa na la kujitetea. Nikasema, "Ndivyo."

"Usijali," akasema. "Wajukuu zangu wa Cardiff wananijibu Kiwelisi. Walioko Uingereza wananijibu Kiingereza, na bado ni wajukuu zangu." Kisha akaitazama nyumba yetu ya wiki moja. Akasema kuwa humo aliwajua watoto watano, na mama yao alikuwa akianika nguo kwenye kamba iliyokuwa pale penye uzio. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemwonesha mgeni njia. Mpwa wangu mdogo akanishika mkono akauliza, kwa Kiingereza, "Mjomba, hao watoto wamekwenda wapi?" Neno mjomba peke yake ndilo lililokuwa letu.

Naam, wamekwenda wapi? Sensa ya 2021 ilionesha kwamba wanaosema Kiwelisi ni watu 538,000 hivi, yaani asilimia 17.8 ya wakaazi wa Wales wenye umri wa miaka 3 na kuendelea. Miaka 10 nyuma walikuwa asilimia 19. Gwynedd, wilaya ilimo Beddgelert, ni ngome ya lugha hiyo, kwa kuwa huko wasemaji wake bado wanapindukia asilimia 60. Lugha ya namna hii haiishi redioni wala katika vitabu vya serikali, ijapokuwa hivyo vyote inavyo. Huishi dukani, shuleni, na juu ya kamba ya kuanikia nguo. Sasa Abersoch, kijiji cha pwani katika wilaya hiyo hiyo ambacho kimejaa nyumba za mapumziko, shule yake ya msingi ilifungwa mwishoni mwa 2021, wanafunzi wakiwa hawazidi kumi. Hapa ndipo niliporudi kulitazama lile lango dogo la ngazini, na kile kiti kirefu, na vile viatu vya mpira vya kila saizi, nikaona kinaya ambacho mwenye tangazo hakukikusudia. Milima ile imejaa nyumba zilizotayarishwa kwa uangalifu mkubwa kwa ajili ya watoto, na vijiji vyake vinatafuta watoto.

Nilimweleza dada yangu mawazo haya jioni, naye ni mtu asiyependa maneno yanayozunguka. Akasema, "Kaka, sisi tumelipa. Hatukumfukuza mtu." Na ni kweli, hatukumfukuza mtu. Hata mwenye nyumba hakumfukuza mtu. Aliinunua kwa aliyetaka kuuza, na aliyeuza alitaka bei nzuri, na ni nani kati yetu asiyetaka bei nzuri? Ukiwapanga wote katika mstari na kumhoji mmoja mmoja, utawakuta wote hawana hatia. Huu ndio ugumu wa jambo hili. Tumezoea kuutafuta uovu katika moyo wa mtu, na tusipouona moyoni twaona kuwa haupo. Lakini yapo madhara ambayo hayakai ndani ya moyo wa yeyote. Nyumba moja ya mapumziko katika kijiji haidhuru kitu, pengine yaleta furaha. Ya pili vilevile. Hakuna ajuaye ni nyumba ya ngapi iliyoifunga shule. Sisi husema haba na haba hujaza kibaba, na tunaposema hivyo twafikiria kibaba kinachojaa tu. Hakuna aliyetufundisha kwamba haba na haba pia hukimaliza.

Ama kuhusu malipo, hapo nilimpinga dada yangu, na ningali nampinga. Alilipia nini? Kitanda, paa, kuni, na maji ya moto. Hivyo vyote ni vya mwenye nyumba na ana haki ya kuvitoza. Lakini tangazo halikuuza kitanda; vitanda viko Manchester. Liliuza ukimya wa bonde, na malisho yenye kondoo, na kuta za mawe makavu zinazopanda mlimani bila ya chokaa wala saruji, na lugha ya ajabu kwenye vibao vya barabara. Hayo mwenye nyumba hakuyafanya. Yamefanywa na watu wa vizazi vingi waliotembea nyuma ya kondoo wao katika mvua ile, na yanaendelea kufanywa na yule bibi anapopita na mbwa wake na kusalimia. Hao hawakupokea hata senti katika kodi yetu. Deni haliondoki kwa kumlipa asiyekudai.

Hapana budi niseme pia upande wa pili, kwani si haki kuwafanya Wawelisi wote kuwa ni watu wanaolia kando ya mto. Wako wafugaji wengi katika milima ile ambao kondoo peke yao hawawatoshelezi, nao wameligeuza zizi la zamani kuwa vyumba vya wageni, na kwa kodi ya wageni hao wamebaki shambani. Kwao methali yetu imetimia neno kwa neno: mgeni amekuja, mwenyeji amepona. Wala kuhamia nyumba ya kiangazi si desturi ngeni kwao. Zamani kila familia ya wafugaji ilikuwa na *hendre*, nyumba ya bondeni ya kipupwe, na *hafod*, kibanda cha juu mlimani walichohamia na mifugo yao kiangazi. *Hafod* ilikuwa nyumba ya msimu, lakini ilikuwa ni nyumba ya kazi, ya kukamua na kutengeneza siagi. Aliyelala humo aliijua kila nyasi ya mahali pale. Siku hizi Kiwelisi kina neno jengine, *tŷ haf*, nyumba ya kiangazi, na neno hilo wakilitamka sauti hubadilika.

Hasira iliyomo katika sauti hiyo ina historia. Kuanzia Disemba 1979 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu waliojiita Wana wa Glyndŵr walizichoma moto nyumba za mapumziko mia mbili na ushei. Mimi siwaungi mkono. Moto huteketeza paa, lakini haumrudishi mwenyeji; tena anayechoma nyumba usiku hana uhakika kuwa hamna mtoto ndani. Njia iliyofuatwa baadaye ni ya sheria. Tangu Aprili 2023 halmashauri za Wales zimeruhusiwa kuwatoza wenye nyumba za pili nyongeza ya hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida ya makaazi, na Gwynedd ikachagua asilimia 150. Nyumba inayotaka kuhesabiwa kuwa ni biashara lazima ipangishwe kwa siku 182 kwa mwaka. Kuanzia Septemba 2024, katika Gwynedd, aliyetaka kuigeuza nyumba ya kuishi iwe ya mapumziko ilimbidi aombe ruhusa ya mipango kwanza. Sheria hizi zina ubishi wake, na wafugaji niliowataja ni miongoni mwa wanaolalamika. Linaloonekana ni kuwa sheria yaweza kuufanya utoro wa mwenyeji kuwa wa gharama. Kumleta mwenyeji mlangoni, akiwa na taa mkononi, haiwezi.

Katika Beddgelert yenyewe kuna khabari ya mwenyeji wa namna nyengine kabisa. Jina la kijiji watu hulifasiri kuwa ni kaburi la Gelert. Husimuliwa kwamba Llywelyn, mfalme wa Wales wa karne ya 13, alitoka kuwinda akamwacha mbwa wake Gelert nyumbani pamoja na mwanawe mchanga. Aliporudi, mbwa akamlaki na damu mdomoni. Susu ya mtoto ilikuwa imepinduka. Mfalme akachomoa upanga akamwua. Ndipo aliposikia kilio, akamkuta mtoto mzima chini ya susu, na pembeni yake mbwa mwitu mkubwa aliyeuawa na Gelert. Kaburi lipo, kando ya mto, lina jiwe na mti na uzio, na watoto wa dada yangu walilia hapo.

Mimi sikulia, kwa kuwa kisa hicho nilikuwa nikikijua tangu utotoni. Waliosoma *Kalila na Dimna*, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8 kutoka asili ya Kihindi, watamkumbuka mcha Mungu aliyemwacha mwanawe na mnyama mdogo wa nyumbani mfano wa nguchiro, akarudi akamwona ana damu mdomoni, akampiga akamwua, kumbe damu ile ilikuwa ya nyoka. Kisa kimevuka bahari na nchi, nguchiro akawa mbwa, nyoka akawa mbwa mwitu, mcha Mungu akawa mfalme. Na kaburi? Inajulikana kuwa lilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 18, na aliyekipa kisa hicho makaazi ya kudumu Beddgelert ni David Prichard, mwenye hoteli ya hapo, aliyetaka wasafiri wawe na sababu ya kusimama. Jina la kijiji yaelekea latokana na mtu mcha Mungu wa kale. Mshairi wa Kiingereza William Robert Spencer alilitungia shairi kaburi hilo, na wageni hawajaacha kuja hadi leo.

Nimemfikiria sana mtu huyu. Alisema uongo, au tuseme alikipangisha kisa kisichokuwa chake. Hata hivyo alikuwa mlangoni. Mgeni akija alimpokea yeye, na mgeni akitaka kujua zaidi alimwuliza yeye, na akidanganywa alijua aliyemdanganya. Kijumba chetu hakikutudanganya kwa lolote. Kila kilichoandikwa katika tangazo tulikikuta. Lakini ningelilazimika kuchagua, nadhani ningelala kwa yule mwongo.

Siku ya tano mpwa wangu mkubwa, mwenye miaka 14, alitaka kwenda kupanda maboti ya mpira katika mto Tryweryn, ambao huenda kasi hata wakati usio wa mvua kwa kuwa maji yake hufunguliwa kutoka kwenye bwawa. Tukiwa njiani tulisimama pahala pawili, na pahala hapo pawili, kwa bahati, yako kwenye barabara moja.

Pa kwanza ni Yr Ysgwrn, nyumba ya shamba karibu na Trawsfynydd. Msomaji wa jarida hili, ambaye bila ya shaka ni mtu wa vina na mizani, ni muhimu ajue kuwa Wawelisi wana ushairi wa arudhi kali, uitwao wa *cynghanedd*, ambamo konsonanti za nusu ya mstari hujibizana na za nusu ya pili kwa utaratibu. Zawadi yake kuu, katika tamasha la taifa linaloitwa Eisteddfod, ni kiti. Kiti hasa, cha mbao, cha kukalia nyumbani. Mwaka 1917 kiti hicho alikishinda Hedd Wyn, mtoto wa shamba hilo la Yr Ysgwrn. Lakini lilipotajwa jina lake la kalamu hakusimama mtu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi na kupelekwa kwa mamake. Fundi aliyekichonga alikuwa Eugeen Vanfleteren, mkimbizi wa Kibelgiji aliyekuja Uingereza kwa kuikimbia vita hiyo hiyo. Basi kiti kitukufu kuliko vyote katika ushairi wa Wales kimechongwa na mkono wa mgeni.

Watu walianza kuja kukiona. Familia ikawafungulia, na ikaendelea kuwafungulia. Mpwa wa mshairi, Gerald Williams, aliyefariki 2021, alikaa katika nyumba ile maisha yake akiwaonesha wageni kiti cha mjomba wake na kuwasimulia. Ilikuwa ni wasia wa familia kwamba mlango usifungwe. Mwaka 2012 mamlaka ya hifadhi ya taifa ya Eryri iliinunua nyumba ili iendelee kuwa wazi. Nilisimama mbele ya kiti kile, chenye michoro mingi iliyosokotana, nikafikiri kuwa nimeshaona sasa maana ya neno deni. Tulilipa kiingilio mlangoni. Hakuna aliyedhani kuwa kiingilio kile kilikuwa malipo.

Pa pili hapana nyumba. Ni ziwa, linaitwa Llyn Celyn, na chini yake kuna kijiji cha Capel Celyn. Mji wa Liverpool ulitaka maji. Bunge likapitisha sheria mwaka 1957, bila ya kura hata moja ya mbunge wa Wales ya kuunga mkono. Na mwaka 1965 kanisa, shule, posta, na mashamba ya bonde lile vikafunikwa. Baraza la Liverpool liliomba radhi mwaka 2005. Maji yanayofunguliwa kutoka bwawa hilo ndiyo yanayoyasukuma maboti ya wageni kule chini. Nilimweleza mpwa wangu. Alinyamaza, kisha akauliza kama ni haramu yeye kupanda. Nikamwambia si haramu. Akapanda, akafurahi, na akirudi ndani ya gari, nywele zimemchirizika maji, akaniuliza jina la kijiji kile linavyotamkwa. Tulilitamka vibaya sote wawili, mara nyingi, hadi Beddgelert.

Wahenga walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huifahamu kuwa ni methali ya kumchoka mgeni. Mimi naiona ni ya kumheshimu. Anayepewa jembe amekubaliwa. Amehesabiwa kuwa mikono yake ina faida katika shamba hili. Mgeni anayelipa hapewi jembe kamwe, na anadhani amestareheshwa. Siku ya mwisho nilikwenda kwa yule bibi nikamwuliza kama kuna kazi. Alicheka, akaniona mwendawazimu kidogo, halafu akanionesha mawe yaliyoporomoka kwenye ukuta wa bustani yake. Nikayapanga upya, mimi na watoto, kwa muda wa saa mbili. Sikuyapanga vizuri. Katika muda huo watoto walijifunza kwake kuhesabu kwa Kiwelisi hadi kumi, na binti wa dada yangu, kwa kushindana, akamhesabia kwa Kiswahili hadi kumi na tano, bila ya kukosea. Sikujua kuwa anajua.

Kitabu cha wageni kilikuwa mezani. Nilikifungua nikasoma kurasa nyingi za shukrani, za watu wa miji mingi, wote wakiishukuru nyumba, kwa kuwa hawakuwa na wa kumshukuru. Nasi tuliandika. Mpwa wangu mdogo akauliza aandike jina gani la nyumba, na dada yangu, kabla sijafungua mdomo, akamwambia, "Lile la juu ya mlango."

Sasa niseme kwa nini nimeyaandika haya. Marehemu baba alituachia nyumba ya ghorofa mbili katika Mji Mkongwe. Shangazi yetu anakaa chini, mlangoni pana baraza lake, na vyumba vya juu ni vitupu tangu sote tulipotawanyika. Ndugu zangu wamepata mtu anayetaka kuikodi nzima, aipake rangi, aifanye ya mapumziko, na bei anayoitaja si ya kudharauliwa. Masharti yake ni iwe tupu. Shangazi atajengewa chumba kizuri nje ya mji, karibu na watoto wa nduguye. Wameniomba jawabu, na kwa miezi kadhaa sikuwapa, kwa kuwa sikutaka kujifanya kuwa sihitaji fedha.

Wiki iliyopita niliwaandikia. Nimesema wageni waje, vyumba vya juu vikodishwe, paa litengenezwe kwa fedha hizo, ila shangazi abaki pale pale, na ufunguo uwe mkononi mwake, usitiwe kisandukuni. Najua kuwa bei itapungua zaidi ya nusu. Ndugu yangu mkubwa hajajibu. Dada yangu amekubali. Shangazi naye, alipopelekewa khabari hiyo, alitaka kwanza kujua hao wageni wanakula nini.